Ukurasa Niliouruka

"Umeruka," baba alisema.

Nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya jikoni kando ya kitanda chake, naye ameegemea mto, jicho la kulia limefunikwa kwa kinga ya plastiki iliyobandikwa kwa plasta, na nje upepo wa Juni ulikuwa ukiburuta ndoo ya mtu uani. Nilikwisha kumsomea kurasa 42 za riwaya ya mapenzi niliyoinunua kwa shilingi 3,000. Tulipofika mahali ambapo dada wa hadithi na bwana mmoja wa Arusha wanasimama mlangoni usiku, macho yangu yalitangulia mstari mmoja mbele ya ulimi, yakaona kinachokuja, na mkono ukageuza karatasi mbili kwa pamoja kana kwamba zilikuwa zimegandana. Nikaendelea pale wanapokunywa chai asubuhi.

"Sijaruka, Baba."

"Walikuwa mlangoni, tena usiku. Sasa wanakunywa chai. Treni haitoki Dodoma ikaingia Tabora bila kupita Manyoni."

Baba alikuwa karani wa stesheni kwa miaka 31, na mifano yake yote hupita relini. Sikuwa na jibu. Nilisema nakwenda kutazama maharage, ingawa siku hiyo hatukuwa tumebandika maharage yoyote, na nilipofika mlangoni akaongeza, kwa upole uleule anaoutumia kuomba maji ya kunywa: "Mwalimu, vitabu vyote hivyo ulivyosoma, umeshindwa kunichagulia kimoja cha kupitishia jioni?"

Sentensi hiyo imenifuata kwa wiki saba.

## Vumbi, matone na bajeti

Wanaoijua Dodoma hawahitaji kuelezwa Juni ilivyo. Mvua zetu, ambazo kwa mwaka ni kama milimita 570 tu, hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Zikishakatika, mashamba hubaki wazi na upepo huanza kuinua kila kilicholegea. Ni kiangazi, lakini ni kiangazi cha makoti, ambacho usiku wake huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14. Katika majira hayo baba alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaambiwa asiiname, asinyanyue kizito, asilisugue jicho, aweke matone kwa majuma manne na ajiepushe na vumbi. Kumwambia mkazi wa Ipagala ajiepushe na vumbi mwezi wa Juni ni sawa na kumwambia samaki ajiepushe na maji, kwa hiyo tukamfungia chumbani. Miwani yake ya zamani haikumfaa tena, kwa kuwa lenzi mpya ilikuwa imebadili uoni wa jicho, na miwani mipya ingepimwa baadaye, jicho likishatulia. Redio ilikuwepo, lakini Juni ni mwezi wa bajeti, na baada ya siku tano za kusikiliza waheshimiwa wakiunga mkono hoja kwa asilimia mia moja aliniomba niizime.

"Nisomee kitu," alisema. "Kitu chepesi."

Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa na mwezi mzima, rafu mbili za vitabu na shahada ya fasihi. Katika kazi zote ambazo baba yangu amewahi kunituma tangu utotoni, niliona hakuna iliyokuwa rahisi kama hii.

## Chembamba na chepesi

Kitabu cha kwanza sikitaji jina kwa sababu hakina kosa lolote. Ni riwaya inayoheshimiwa, ya kurasa zisizofika 130, na mimi mwenyewe nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba nakala yangu imejaa mistari ya kalamu nyekundu. Nilijiambia kwamba nimekichagua kwa kuwa ni chembamba. Ukweli, ambao ulinichukua wiki kadhaa kuukiri, ni kwamba nilitaka mzee aliyeishia darasa la nane na akanisomesha hadi chuo kikuu asikie ni vitu vya namna gani binti yake anavifundisha.

Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mahubiri ya mgeni. Jioni ya tatu akauliza: "Huyu kijana ataanza kufanya kitu lini?"

Nikamweleza kwamba huyo kijana hafanyi, anawaza. Kwamba mwandishi anatumia mbinu ya mtiririko wa mawazo. Kwamba ukimya wake unawakilisha hali ya tabaka lake. Nilizungumza kwa muda wa kipindi kizima cha darasani. Baba akaitikia kwa kichwa mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza kama chai bado ipo kwenye chupa.

Hapo ndipo nilipokwenda kununua ile ya mapenzi, nikiwa nimekasirika kidogo, kwa mantiki kwamba kama hataki kizito basi nitampa chepesi kuliko vyote. Jalada lilikuwa na waridi na gari jekundu. Mnajua ilivyoishia.

Katika maandishi ya wataalamu wetu kuna mgawanyo ambao kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili chuoni aliukariri: upande mmoja fasihi dhati, upande mwingine fasihi pendwa. Mashtaka dhidi ya hii ya pili nayajua kwa moyo, maana niliyaandika katika mitihani: wahusika bapa, matukio ya sadfa, mpelelezi asiyekufa, mwisho unaofungwa kama zawadi. Mengi ya mashtaka hayo ni ya kweli, na sitajifanya kwamba wiki saba zimeyafuta. Jambo ambalo sikuwahi kuliuliza, kwa miaka yote hiyo, ni kwa nini tuliiita "pendwa" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Neno lenyewe linasema tu kwamba watu waliipenda.

Halafu kuna jambo la wanafunzi wangu. Wao husoma riwaya kwa sababu moja, nayo ni kujibu swali linaloanza na "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, thibitisha". Wengi wao hawasomi hata riwaya zenyewe. Husoma mwongozo, wakakariri dhamira tano na ujumbe sita. Mwaka huu kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza, bila utani wowote, kama mtu anaweza kusoma hadithi ambayo haitatoka kwenye mtihani, na kama anaweza, anaisoma ili iweje. Nilimjibu jibu la kiualimu, la kukuza msamiati na kupanua upeo. Leo ningependa kumwita nimwombe msamaha.

## Swali la muuza vitabu

Siku mbili baada ya kukamatwa nikiruka nilikwenda karibu na soko la Majengo, ambako kijana mmoja huwa ametandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai, amevikandamiza kwa mawe visipeperuke. Nilianza kupekua kwa haraka ya mtu anayejua anachotafuta.

"Unamtafutia nani, mama?"

"Baba yangu. Anauguza jicho, ninamsomea."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Reli."

"Basi alikuwa msomaji," alisema, kama vile hilo halina mjadala. "Akiwa kazini alikuwa anasoma nini?"

Sikujua.

Nilisimama pale nikiwa na kitabu cha jiografia cha kidato cha pili mkononi, na vumbi likinipiga miguuni, nikijaribu kukumbuka japo mara moja nilipomwona baba yangu na hadithi mkononi. Nilimkumbuka na gazeti, na daftari la mizigo, na Biblia siku za Jumapili. Nilikuwa nimemchagulia vitabu viwili bila kumuuliza swali ambalo mgeni kabisa alilifikia katika sentensi ya tatu. Nilirudi nyumbani bila kununua kitu.

## Droo ya stesheni

Jioni hiyo, badala ya kusoma, niliuliza.

Alisema kwamba miaka ile abiria walikuwa wakisahau vitabu kwenye mabehewa, au labda waliviacha makusudi baada ya kuvimaliza, na wafanyakazi wa treni walivikusanya na kuvitelemsha stesheni hadi stesheni, hivi kwamba kitabu kimoja kiliweza kwenda Kigoma na kurudi mara tatu kabla ya kuchanika. Treni ya zamani iliondoka Dar es Salaam jioni na kuingia Dodoma asubuhi, ikiwa imewahi, na kwenda Kigoma lilikuwa jambo la kulala tena njiani. Mtu alihitaji kitu cha kumpitisha usiku. Kwa hiyo walisoma visa vya Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, na vya Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na hadithi za magazetini zilizokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa uzi, kila kipande kikiishia na neno "itaendelea". Yeye alivifunika kwa karatasi ya gazeti ili bosi asione jalada, akavitia kwenye droo chini ya daftari la mizigo.

"Na nyumbani je? Mbona sikuwahi kuviona?"

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Vingine vina mambo. Ningevileta vipi?"

Tulikaa kimya kidogo.

Baadaye nilitafakari juu ya ukaribu wa reli na hadithi nyepesi, na nikakuta kwamba haukuanzia kwetu. Mwaka 1848, W. H. Smith walifungua banda la vitabu katika stesheni ya Euston jijini London, na haukupita muda wachapishaji wa Uingereza wakawa wanatoa riwaya za bei nafuu zilizokusudiwa hasa kwa abiria. Marekani nako, katika karne hiyohiyo ya 19, treni zilipoanza kuwapeleka watu wa mijini kwenye hoteli za pwani na milimani wakati wa joto, wachapishaji waligundua kwamba msafiri wa likizo hununua hadithi asiyoinunua majira mengine, na wapo wahubiri waliopanda mimbarini kuonya kwamba riwaya hizo zitaharibu vijana. Mpaka leo, ikifika mwishoni mwa Mei, magazeti yao hutoa orodha za vitabu vya kiangazi, vya kusomea mchangani. Miaka kadhaa nimezisoma orodha hizo kwenye simu nikiwa nimejifunika blanketi, nikijiuliza mwenzangu wa huko anajipaka mafuta ya jua huku mimi nikifunga madirisha.

Hata hivyo nadhani na sisi tuna majira yetu ya hadithi nyepesi, na pengine ni haya haya. Bibi yangu mzaa baba hakutamba hadithi wakati wa palizi. Ilikuwa mpaka uwele na mtama viwe vimeingia kihengeni, usiku uwe na baridi na moto uwe na sababu ya kuwashwa, ndipo aliposafisha koo. Hadithi zake hazikuwa na mafunzo mengi kama vitabu vya kiada vinavyodai kuhusu mabibi. Nyingi zilikuwa za sungura kumwibia mtu.

(Baba ameshapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na aliisifu kwa kila kitu isipokuwa kimoja. "Inafika chini ya saa nne," alisema. "Unashuka hujamjua muuaji.")

## Kitabu chake mwenyewe

Nikiwa na majina sasa, nilirudi Majengo, na yule kijana akanipatia riwaya moja ya ujasusi ya miaka hiyo, imekosa jalada la nyuma lakini mwisho upo. Baba aliishika, akainusa. Nilifurahi kupita kiasi.

Kurasa ishirini za mwanzo zilikwenda kama treni yenye njia wazi. Palikuwa na bastola, palikuwa na ndege, palikuwa na makaburu na njama zao. Kisha wakaanza kuingia wanawake, na kila aliyeingia alikuwa mtego, na kila mtego ulielezwa kuanzia miguuni kwenda juu. Safari hii sikuruka. Nilikuwa nimeapa. Nilisoma kwa sauti moja kavu, ile ninayosomea majina ya waliochelewa.

Katika ukurasa wa 50 hivi aliinua mkono.

"Basi. Soma kingine."

"Umechoka?"

"Hapana. Nilipokuwa nakisoma mwenyewe kilikuwa chepesi." Akatafuta namna ya kusema. "Sikuwahi kukisikia kwa sauti ya mtoto wangu."

Nakiri kwamba hapa ndipo mawazo yangu yote yalipovurugika, kwa sababu nilikuwa nimekaribia kupata kanuni nzuri, kwamba wepesi wa kitabu ni kile ambacho msomaji alikipenda zamani, na kwamba kazi ya anayemchagulia mwenzake ni kumrudishia ujana wake. Kumbe kitabu kilekile, mtu yuleyule, kinaweza kubadilika uzito kwa sababu ya aliyekaa kwenye stuli. Nililala nikiwaza kama kuna kitabu chochote ambacho baba na binti wanaweza kukisikiliza pamoja bila mmoja wao kwenda kutazama maharage.

## Bwana mwenye kiko

Kilichotuokoa kilikuwa kwenye rafu yangu muda wote, katikati ya vitabu vya rejea: *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, hadithi ya upelelezi ya Zanzibar iliyoshinda shindano la uandishi la 1957 hadi 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Nilikuwa nacho kwa ajili ya kufundisha historia ya riwaya. Nilikuwa nakitaja kila mwaka, dakika kumi, pamoja na mwaka wake na jina la mpelelezi wake, Bwana Msa, na rafiki yake Najum. Sikuwa nimekisoma tangu chuoni, na wakati ule nilikisoma kwa kalamu.

Sikutarajia kitamfaa. Kiswahili chake ni cha Unguja, kimejaa maneno ambayo mzaliwa wa Bahi aliyekulia kwenye Kigogo hakuyasikia utotoni, na nilijiandaa kuwa kamusi. Hakuniuliza neno hata moja. Alipokutana na neno asilolijua alilirudia kwa midomo, kama anayeonja karanga, akaniashiria niendelee. Hilo lilinishangaza kuliko yote, kwa sababu sisi walimu tunapopanga vitabu kwa ugumu huanza kwa kuhesabu maneno magumu. Mzee huyu hakulemewa na maneno magumu. Kile cha kwanza, ambacho hakikuwa na neno hata moja asilolijua, ndicho kilichomlemea.

Kusoma kwa sauti kulinifundisha mengine ambayo jicho peke yake halifundishi. Kitabu hiki kina mazungumzo mengi, na mazungumzo humpa msomaji mahali pa kuvuta pumzi. Watu wake wakiondoka na kurudi baada ya sura mbili, baba aliwatambua kwa namna wanavyosema, asiniulize "huyu nani tena?", swali lililotuua katika ile ya mapenzi. Na kilivumilia kukatizwa. Katika nyumba ya Ipagala, mgonjwa akiwa ndani, hakuna jioni isiyo na hodi: anakuja mzee wa jumuiya, anakuja mama jirani na uji, umeme unakatika, mtu analeta salamu kutoka Kizota na hawezi kuzitoa akiwa amesimama. Kila baada ya mgeni kuondoka, ile riwaya ya kwanza ililazimu tuianze upya kutoka aya ya juu, na mara mbili hatukuianza kabisa. Hii tuliishika palepale tulipoiachia, na usiku wa nne mama jirani hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa kiti na kandambili zake miguuni, akiwa tayari kwenda, kwa muda wa sura mbili. Kesho yake alikuja na watoto na mkeka.

Bwana Msa huvuta kiko, hutazama, huongea kwa mafumbo, na huwaacha wengine wakimbizane. Baba alimpenda mara moja. "Huyu angefaa kuwa stesheni masta," alisema.

Alikosea muuaji mara tatu. Kila alipokosea alicheka kama mtu aliyelipwa deni, na mimi, ambaye nilijua jibu na nilikuwa nimelifundisha, nilijikuta nasoma taratibu ili tusifike. Siku tuliyomaliza, hakuna aliyeuliza ujumbe ni nini. Mtoto mmoja wa jirani aliuliza kama kuna kingine cha Bwana Msa. Vipo, nikasema, ila mimi sina. Na hiyo ndiyo Jumamosi iliyofuata ilivyokwenda, mimi na yule kijana wa turubai tumechuchumaa juu ya mawe yake.

## Julai

Miwani ilikuja katikati ya Julai, shule zikiwa zimeshafunguliwa. Nilidhani tungeendelea na usomaji wetu, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza ni kitu gani kifuate, nikijiuliza kila asubuhi garini ni nani hasa ninayemchagulia: mzee, watoto wa mkekani, au yule mwalimu ambaye bado anataka kuonekana amechagua vizuri.

Jumatano moja nilitoka kazini mapema. Upepo ulikuwa mkali na mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya jikoni, ile ile, ameisogeza dirishani penye mwanga, miwani mpya puani, mkono mmoja ukishikilia kitabu kisichezeshwe na upepo. Kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya gazeti, kwa ustadi, pembe zimekunjwa kwa ndani. Lakini gazeti lilikuwa fupi, na chini yake niliona kipande cha gari jekundu. Alikuwa kwenye ukurasa wa arobaini na kitu.

Hakuinua kichwa.

"Mwalimu," alisema, "funga mlango. Vumbi linaingia."